Mtoto anayejidhuru hahitaji fimbo

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba watoto wanaojidhuru miili yao wamedekezwa, wameiga uzungu wa kwenye simu na dawa yao ni viboko, huenda hajawahi kukaa karibu na mmoja wao. Mimi nimekaa. Nashona sare za shule hapa Majengo, na kazi ya fundi ni kushika mikono ya watu.

Mwezi wa Machi mwaka jana, joto la kaskazi limekaba na feni ya dukani inapuliza mvuke, aliletwa binti wa sekondari kupimwa shati. (Mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike.) Akataka mikono mirefu, yenye vifungo. Mamake akafurahi: mwanangu ana heshima. Nilipozungusha tepu mkononi, binti akaruka kama aliyeguswa na pasi, nami nikaona kwa nini. Alama hazikuwa za siku moja. Hakunitazama mimi. Aliutazama mlango, aliposimama mamake akizungumza na simu.

Nami nikapayuka: "Yarabi! Nani amekufanya hivi?" Mama akageuka, akamvuta sikio mbele ya wateja watatu, wakaondoka. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa la mamake. Nilimwanika mtoto wa watu, na sijamwona tena.

Nilikwenda kumuuliza muuguzi mmoja ninayemshonea, anayehudumia wagonjwa wa akili. Aliniambia wengi wa watoto hawa hawataki kufa. Wanatafuta namna ya kuendelea kuishi na kitu wasichokuwa na maneno yake. Moyo ukifurika, maumivu ya mwili huivuta akili yote upande mmoja, na kwa muda mfupi kinachomkaba kinalegea. Wengine wamekufa ganzi ndani, wanatafuta kuhisi chochote. Kisha inakuja aibu, ikae juu ya mzigo ule ule wa mwanzo, na mtoto anarudi palepale. Fimbo inamzidishia kile kile anachokikimbia. Akanionya pia nisione ni jambo dogo: aliyewahi kujidhuru yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye kuliko asiyewahi, hata kama leo hafikirii kufa.

Na huo uzungu wa simu? Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunajua Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kujipiga mashavu na kurarua nguo kwa sababu ya msiba. Watu hawakatazwi wasilolifanya. Majirani zangu Wakristo nao wanasoma katika Injili ya Marko habari za mtu aliyeishi makaburini, akilia usiku na mchana na kujiumiza kwa mawe. Yesu alipomfikia hakumchapa. Alimuuliza jina lake.

Madaktari wenyewe walichelewa kuelewa. Mwaka 1961 msichana wa Kimarekani, Marsha Linehan, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford kwa kujidhuru vibaya. Alifungiwa peke yake, akapewa dawa, akapitishwa umeme kichwani, na hakuna kilichomfaa. Alipokua akawa profesa wa saikolojia, akabuni tiba ya watu waliokuwa kama yeye, ambayo leo inatumika nchi nyingi. Mtibabu huanza kwa kumpokea mtu alivyo, kisha humfundisha kulivumilia wimbi la uchungu mpaka lipite bila kujiumiza. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, ndipo Linehan alipowaeleza watu hadharani yaliyompata. Ikiwa profesa alihitaji miaka 50, binti wa shule angesema nini dukani kwangu, tepu imemzunguka mkono?

Kimya hicho tumekijenga wenyewe, tukisaidiwa na sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, tuliyoachiwa na wakoloni tangu 1930, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Waingereza walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Sisi tulibaki nalo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mzazi aliyemkuta mwanawe na jeraha, asijue alikusudia nini, alikuwa na sababu ya kuogopa hospitali.

Tuyatazame na tunayowabebesha. Miongoni mwa ninaowashonea wamo wasichana ambao mama zao wako Saudia wakifanya kazi za nyumbani, wao wamebaki na nyanya aliyechoka. Wamo wanaoguswa na jamaa wa nyumba ile ile, na wakisema wanaambiwa wasiutie ukoo aibu. Wavulana nao wamo, ila hatuwaoni: kijana akipiga ukuta ngumi hadi mkono ukavimba, tunasema ana hasira.

Kisomo sikipingi, mimi mwenyewe husomewa. Lakini sheikh anayemsomea kijana aya ya msijiue, namwomba asiikate katikati. Aya hiyo, ya 29 katika Suratun Nisaa, inamalizia kwa kutuambia kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kuturehemu. Kisomo kikiisha, mtoto apelekwe hospitali, iwe Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani. Asiyeweza kutoka, nambari 116 ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Na wewe uliyeziona alama, funga mlango kwanza. Shusha sauti. Mwoshe jeraha, mwambie uko naye, na usimlazimishe kuapa kwamba hatarudia; akishindwa na kiapo, kesho atakuficha.

Lile shati nililimaliza, mikono mirefu kama alivyotaka. Liko kabatini na halidaiwi kitu. Mamake akiisoma barua hii, waje baada ya Isha, wakati wateja wamekwisha kwenda, na mlango nitaufunga.

Fundi wa nguo,
Majengo, Mombasa
(Jina limehifadhiwa)