Mabaki ya kuziba meno yasipelekwe tanurini

Ndugu Mhariri,

Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva, Novemba 2025, kwamba matumizi ya amalgamu ya kuzibia meno yakome ifikapo 2034. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2020, na uamuzi huu naupokea kwa mikono miwili. Lakini hata tukiacha leo, amalgamu iliyomo vinywani mwa watu itaendelea kutoka miaka mingi: jino likichimbwa upya, likivunjika, liking'olewa.

Nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Iliyobaki ni madini ya fedha, bati na shaba, na mara nyingi fedha ndiyo nyingi. Tukimaliza kuziba jino, hubaki kipande kwenye kibakuli, kama punje ya mtama, laini na chenye kung'aa, kisha kikagumu na kufifia. Kliniki nyingi nilizofanya kazi, kipande hicho hufutwa kwa pamba na kutiwa kwenye mfuko wa taka za maambukizi. Mfuko huenda kwenye tanuri la kuchomea taka. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na moto wa tanuri hupita hapo kwa mbali, kwa hiyo hutoka na moshi. Nasi wa Mwanza tuna ziwa mlangoni. Zebaki ikifika majini hugeuka sumu inayojikusanya kwenye samaki, na samaki ndio kitoweo chetu.

Fedha nayo hupotea majivuni bure.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila kliniki iwe na chupa ya mfuniko unaobana ya kuwekea mabaki hayo, pamoja na meno yaliyong'olewa yakiwa na amalgamu. Gari linaloleta dawa liondoke na chupa zilizojaa, zipelekwe kwa mtu mwenye kibali cha NEMC (baraza la taifa la mazingira) na mtambo uliofungwa, unaonasa mvuke wa zebaki na kuacha fedha. Mauzo ya fedha hiyo yachangie gharama za usafiri. Mabaki hayo asiuziwe sonara wa mtaani: atayapasha moto uani, watoto wakivuta mvuke.

Kliniki zenye mashine ya kufyonza mate zifungiwe vichujio vya amalgamu. Umoja wa Ulaya umevilazimisha tangu 2019, na kichujio kipya kinatakiwa kunasa angalau asilimia 95 ya chembe. Vilevile tuache kusafisha mabomba ya mashine hizo kwa klorini, maana huiyeyusha zebaki iliyoganda humo ikaenda na maji taka.

Tabibu wa meno,
Mwanza