Kikao cha Jumamosi: saa imebadilika

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Kikao cha familia kiko palepale Jumamosi, nyumbani kwa bibi, ila tutaanza saa 4 asubuhi badala ya saa 9 alasiri. Mchana bibi huchoka. Safari iliyopita alisinzia kabla wajukuu wa mwisho hawajafika.

1. Mchango wa matibabu yake: mwisho Ijumaa saa 12 jioni, moja kwa moja kwa mweka hazina. Sitaweka tena orodha ya majina na viwango hapa. Nimeona ndugu wakinyamaza kwa sababu walichonacho ni kidogo, na ukimya wao umetuuma kuliko upungufu wa pesa. Toa ulichojaliwa. Kama huna, njoo tu.

2. Zamu za kumtembelea: kila nyumba siku moja kwa wiki, hata nusu saa. Majuzi nilimkabidhi bahasha, akaiweka mapajani bila kuifungua, akanishika mkono: "Unakaa, au unapita tu?" Nilikuwa napita. Swali hilo halijanitoka.

3. Wenye picha za zamani mje nazo.

Na waliokwaruzana, tafadhali pigianeni simu kabla ya Jumamosi. Bibi huziona nyuso zetu hata tusiposema neno.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kufikia Alhamisi usiku: unakuja, mko wangapi, na siku gani ya zamu inakufaa. Mwenye udhuru aniandikie pembeni, tutaelewana.