Maharage ya kabatini

Mama Abdul shoga angu,

Habari za Njombe na baridi lake? Huku Tanga joto ni lile lile, tunamshukuru Mungu. Juzi kwenye simu uliniuliza nawezaje kufundisha watoto kufikiri wakati darasa lina watoto 87 na upimaji wa darasa la nne uko mlangoni, nikakujibu juu juu sababu salio lilikuwa linakata, sa leo nimekaa nikuandikie vizuri.

Ilikuwa kipindi cha sayansi, nikauliza mbegu inahitaji nini ili iote, darasa zima wakaitikia maji, hewa, mwanga! Nikawauliza, huo mwanga mmejuaje? Kimya. Zamani ningesema sio mwanga ni joto, andikeni, tukasonga mbele. Siku hiyo nikasema haya, tujaribu. Makopo mawili, pamba yenye maji, maharage kumi kumi, moja tukaweka dirishani lingine ndani ya kabati la madaftari. Kabla hatujafunga, kila dawati, wale watatu watatu, wakakubaliana na kuandika wanadhani itakuwaje na KWA SABABU gani. Hiyo kwa sababu ndo kazi yenyewe shoga, bila hiyo wanabahatisha tu.

Siku ya tano tukafungua. Yameota! Tena ya kabatini yamerefuka kuliko ya dirishani, membamba, ya njano yamepauka, na yote yamelalia upande mmoja, kwenye ufa wa mlango. Mimi nishashika chaki niandike hitimisho, katoto kamoja ka nyuma, ambako toka Januari sijawahi kusikia sauti yake, kakanyoosha mkono: "Mwalimu, mwanga si umeingia kwenye ufa? Bado hatujajua." Yaani nilisimama pale na chaki mkononi. Alikuwa sahihi kabisa. Tukarudia upya, kopo chini ya ndoo nyeusi, juu tukatandika gunia, na yakaota.

Kuna mwenzetu mmoja aliniambia nawazoesha watoto kubishana na wakubwa, watakosa adabu. Iliniuma, maana si unajua tulivyolelewa, mkubwa akisema amesema. Lakini hawa wangu wanajua unabisha neno humbishi mtu, na ukibisha unatoa sababu, na mimi pia nikiulizwa "umejuaje mwalimu" lazima nijibu au niseme twende tukaangalie. Sioni kukosa adabu hapo. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea 1967 alitaka shule imjengee mtoto akili ya kuuliza, na mtaala toka 2005 unasema umahiri, sa mtoto atapata wapi huo umahiri kama kazi yake ni kuitikia tu? Muda unakula, sikatai, mada mbili nilichelewa. Ila nikiwauliza ya mbegu leo hakuna anayekosea, na wanaweza kukueleza kwa nini.

Sasa nina ombi. Nimewaambia nina rafiki anafundisha kwenye baridi, basi wamegawanyika, wengi wanasema maharage ya kwenu yatachelewa kuota, dawati moja limebisha linasema maji yakiwepo yataota siku ile ile. Panda Jumatatu na watoto wako, kumi tu kwenye pamba, sisi tunapanda siku hiyo hiyo. Pimeni kwa rula kila asubuhi, unitumie picha. Usiwaambie wako tulichosema huku.

Msalimie baba Abdul.

Wako, Mama Zuhura