Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Asilimia 40 Si ya Kila Dari

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtayapata kwa mweka hazina, na mahudhurio yamo kwenye daftari la katibu. Sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotula muda kuliko yote katika vikao vya kukagua michoro mwaka huu: kupunguza eneo la usanifu (au eneo la hesabu, yaani eneo ambalo hesabu ya maji huchukulia springla zake zote zimefunguka) pale tunapofunga springla za haraka. Springla ni vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea.

Tunaosanifu kwa NFPA 13, kiwango cha Marekani cha mifumo ya springla, tunakijua kipengele chenyewe. Springla ya haraka, yaani yenye RTI (kipimo cha wepesi wa kuitikia joto, kikiwa kidogo ndiyo wepesi) isiyozidi 50, hufunguka moto ukiwa bado mdogo, kwa hiyo zinazofunguka huwa chache. Ndiyo sababu tunaruhusiwa kupunguza eneo la hesabu, ila kiasi cha maji kwa kila mita ya mraba kinabaki palepale. Dari isiyozidi mita 3 inapata punguzo la asilimia 40. Dari ikipanda, joto linachelewa kuifikia springla na moto unapata nafasi ya kukua, hivyo punguzo linashuka hadi asilimia 25 kwenye mita 6.1. Juu ya hapo hupati kitu. Tena mfumo uwe wa bomba zenye maji muda wote, jengo liwe la hatari ndogo au ya kawaida ya moto, na dari isiwe na mifuko isiyolindwa inayozidi mita 3 za mraba.

Sasa tazameni tulichokiona. Mchoro baada ya mchoro ulikuja na asilimia 40, kama vile ni bei ya jumla. Mmoja ulikuwa wa ofisi, hatari ndogo, lita 4.1 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Eneo la mita za mraba 139 likashuka hadi 83, sawa kabisa. Lakini mwenzetu alikuwa ameipa kila springla mita za mraba 20.9, upeo unaoruhusiwa, akapata springla nne. Kiwango kinataka zisipungue tano. Hiyo moja iliyosahaulika inapandisha mtiririko kutoka lita 340 hivi hadi karibu 430 kwa dakika, kabla hujaongeza lita 380 za mipira ya kuzimia moto, ambazo punguzo halizigusi. Na pampu ilikuwa imeshaagizwa! Simcheki. Nilipoanza kazi nililifanya kosa hilohilo, na aliyenishtua alikuwa fundi bomba.

Ziara yetu kwenye jengo moja la maofisi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mpangaji mpya alikuwa amebomoa dari ya jipsamu ya mita 2.8 ili zege lionekane, mtindo wa siku hizi, na springla zikapandishwa hadi kwenye zege, mita 4 kutoka sakafuni. Punguzo hapo ni asilimia 35 hivi, na eneo linakuwa kama mita za mraba 90. Hakuna aliyepiga hesabu upya. Kisha mwanachama mmoja akapanda ngazi na vernia (kipimio cha unene) mkononi, akapima kichupa cha kioo cha springla, kile kinachopasuka kwa joto, kimoja baada ya kingine kwenye korido. Milimita 3, milimita 3, kisha milimita 5. Kichupa cha milimita 3 ni cha springla ya haraka, cha milimita 5 ni cha springla ya kawaida. Za milimita 5 zilikuwa sita, zote na kimiminika chekundu cha nyuzi 68 kama wenzake, kwa hiyo ukisimama chini huoni tofauti. Rangi hukwambia joto la kupasuka, haikwambii wepesi. Mwenye jengo alisema fundi alinunua zilizopatikana dukani. Si springla zote za sehemu hiyo zilizokuwa za haraka tena, na punguzo likakosa mguu wa kusimamia.

Kamati imekubaliana kwamba kuanzia mwaka ujao hatutapokea mchoro wenye punguzo usioonyesha urefu wa dari, aina ya springla na idadi ya springla ndani ya eneo la hesabu. Wapo waliosema ni urasimu. Mimi naona ni mistari mitatu ya kuandika. Wanaosanifu kwa EN 12845, kiwango cha Ulaya cha springla, tafadhali msilibebe punguzo hili kulipeleka huko. Kila kiwango kisomwe chenyewe.

Muda wangu wa uenyekiti unakwisha, na fomu za kugombea ziko kwa katibu. Vernia ya chama haijarudi tangu ziara ile. Aliye nayo aje nayo mkutanoni.