Mheshimiwa Waziri, kabla ya ghorofa nyingine Kaloleni

Kwa Waziri wa Kaunti anayeshughulikia mipango ya mji, Kisumu

Mheshimiwa,

Salamu nyingi. Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwa nyanya, Kaloleni, chini ya kipenu cha bati. Nyuma yangu mlango uko wazi, na macho yananyooka hadi uani: ukumbi mmoja mrefu, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kisha mlango wa nyuma, jiko, choo na kamba ya nguo. Milango yote miwili ikiachwa wazi alasiri, upepo wa ziwani unapita humu hadi pazia linalala juu.

Umbo ni la Kiswahili, lakini nyumba ni ya Kisumu. Reli ilifika tarehe 20 Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence na ukihesabiwa bado upande wa Uganda. Eneo letu lilihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Kabla ya treni, misafara ya pwani ilipitia Mumias, kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga. Waswahili na Wanubi waliotulia mtaani hapa walikuja na ramani ya nyumba vichwani mwao. Fito na udongo wakavikuta papa hapa. Jina nalo ni la kusafiri: kuna Kaloleni Kilifi, Nairobi na Nakuru.

Mvua za Aprili zilipomegua ukuta wa chumba cha mwisho, niliona ndani yake kwa mara ya kwanza. Nguzo, fito za mlalo zilizofungwa kwa kamba, udongo katikati, na juu kabisa mtambaapanya, ule mti wa mlalo wa juu (neno tamu kuliko yote ya ujenzi), ukiwa mzima, bila tundu la mchwa. Kilichooza ni chini tu. Fundi mzee alibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mvua haina makosa. Ni saruji." Miaka ya nyuma tuliona tunaipendezesha nyumba kwa plasta ya saruji. Kumbe udongo hunywa maji na kuyatoa. Ukifunikwa kwa saruji, maji yanabaki ndani yakiulainisha ukuta kimyakimya. Dawa ni kubandua plasta, kukandika upya kwa udongo na kupaka chokaa.

Nilitaka kufanya hivyo kwa utaratibu. Mchoraji ramani mmoja niliyemwendea alicheka. Nyumba ya udongo haichorwi, akasema; bomoa, nikuchoree ghorofa nne.

Simlaumu jirani anayejenga ghorofa. Kodi ya chumba cha udongo haisomeshi mtoto, na choo cha shimo kinachotumiwa na familia sita hakina cha kusifiwa. Wala siombi tugeuzwe Lamu, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kutangaza jengo kuwa turathi chini ya sheria ya makavazi ya 2006 ni kazi ya waziri wa serikali kuu, Nairobi. Lakini mipango na maendeleo ya kaunti, Katiba imeyaweka mikononi mwenu.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya kupitisha ramani yoyote inayofuta nyumba ya zamani mtaani hapa, nyumba hiyo ipimwe, ichorwe na kupigwa picha, na nakala ikae mahali mwanafunzi anaweza kuiona. Pili, anayetaka kukarabati kiambaza cha udongo awe na fomu yake, nyepesi, asilazimishwe kuleta mchoro wa nyumba ya mawe. Na hao wanaojenga upya waulizwe tu: baraza liko wapi? Upepo utaingilia wapi na kutokea wapi? Ghorofa nyingi ninazoziona zina korido yenye giza mchana, taa ikiwaka saa sita.

Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Niliwahi kupelekwa huko na shule. Naikumbuka hadi leo nyumba ya mke wa kwanza. Nyumba ya mjini nayo tunayo bado, imesimama, ina watu, na mchuzi uko jikoni.

Ukija, njoo alasiri, upepo ukiwa umeanza. Nina tepu ya kupimia ya mita 30 na daftari. Anayekosekana ni mtu wa kushika ule upande wa pili.

Wako,
Mjukuu wa Kaloleni