Dada, ile kozi si LLB

Dada yangu, shikamoo.

Simu zangu hupokei tangu arobaini ya Baba, na ujumbe unausoma hujibu. Basi naandika hapa, maana najua shemeji hupita huku na atakusomea. Matokeo ya kidato cha sita yameshatoka, mwanao anataka kusoma sheria, na dirisha la udahili halingoji ndugu wapatane.

Kwanza mwambie mwanetu hajafeli. Ana B ya Kiswahili, C ya Historia na D ya Kiingereza. Kwa hesabu ya TCU, ile tume ya vyuo vikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi unaofikisha pointi 4. Mwanao ana 7 kwa masomo mawili tu. Chuo kinaruhusiwa kupandisha kiwango chake, na kwa kozi ya sheria vingi vinapandisha, kwa hiyo soma sifa za kozi yenyewe kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu. Usichukue cha mwaka jana. Ile D ya Kiingereza ndiyo ya kushughulikia. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini darasani na kwenye mitihani ya LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, Kiingereza bado ndicho kinachotawala. Miezi hii ya kukaa nyumbani aisome hukumu moja kila siku kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, aandike kwa Kiingereza chake nani alimshtaki nani, kwa nini, na jaji aliamua kwa sababu gani. Nusu ukurasa inatosha.

Sasa lile la arobaini.

Ulileta kijitabu cha kile chuo chenye picha ya vijana wamevaa majoho ya uwakili. Nilifungua ukurasa wa kozi nikasoma kwa sauti: shahada ya sanaa katika sheria na utawala. Nikasema, dada, hii si LLB. Ukaninyang'anya, ukasema mbele ya Baba Mdogo na wale wazee wa msikitini kwamba mimi wakili naogopa mwanao asije akanipita. Watu wakacheka. Nilinyamaza kwa sababu ya siku yenyewe. Lakini nilichosema kilikuwa kweli, na leo ni kweli vilevile: mlango wa uwakili wa Tanzania Bara ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile mnayoiita Shule ya Sheria, nayo inapokea wenye shahada ya sheria, LLB. Zipo shahada nzuri zenye neno sheria ndani yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, wenyewe wana ile ya usimamizi wa sheria, inayomfaa anayetaka polisi, uhamiaji au magereza. Si mbaya hata kidogo. Ila mwanao anasema anataka kuwa wakili, na amelisema hilo tangu yuko darasa la tano, wewe unajua kuliko mimi.

Na tusidanganyane kuhusu hiyo Shule ya Sheria. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo yake: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu, yaani wa kurudia mitihani, 342, waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kila mtu akamtupia mwenzake lawama, taasisi ikasema vyuo vinaleta watoto wasioiva, vyuo vikasema taasisi inakomoa. Mimi nilichokisoma humo ni kimoja: cheti cha LLB peke yake hakimfikishi mtu popote, kwa hiyo chuo cha bei nafuu kinachomwacha mtoto mtupu ni ghali kuliko vyote.

Ndiyo maana hesabu ya ada ya mwaka mmoja uliyonitajia haitoshi. Chukua karatasi. Ada zidisha kwa miaka yote. UDSM ni minne, kwingine angalia kwenye mwongozo. Ongeza ada ya TCU ya uthibiti ubora, 20,000 kila mwaka, na bima ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Ongeza zile wanazoziita michango: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, tahadhari. Vyuo binafsi vingine huitangaza ada ndogo halafu michango inaipita nusu yake, kwa hiyo omba muundo wote wa ada kwa maandishi, wenye muhuri, wa mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Ongeza chumba kama hosteli ni za mwaka wa kwanza tu, na uliza hilo waziwazi. Mwisho ongeza mwaka wa Shule ya Sheria, ada yake pamoja na kuishi Dar es Salaam, maana iko Barabara ya Sam Nujoma na mtoto wa mkoani hatalala kwa shangazi miezi yote hiyo. Chuo na chuo vikipishana laki saba tu kwa mwaka, kwa miaka minne ni milioni mbili na laki nane. Hiyo ndiyo pesa ya Shule ya Sheria uliyokuwa unakwenda kuitia kwenye picha za majoho.

Mkopo upo, lakini usijenge nyumba juu yake. Sheria haimo kwenye kundi la kwanza la vipaumbele vya Bodi ya Mikopo kama ualimu wa sayansi, udaktari na uhandisi. Anaweza kupata, anaweza kupata bumu la chakula na malazi bila ada, anaweza kupata asilimia kidogo ya ada na chuo binafsi kikadai iliyobaki kabla ya mtihani. Hapo ndipo watoto wanapozuiwa mlangoni, tena mwaka wa tatu, si wa kwanza.

Ungeniuliza, ningekupangia hivi. Aombe UDSM, Mzumbe na UDOM ya Dodoma, zote za umma. Binafsi aweke moja yenye mizizi, Ruaha Catholic ya Iringa au SAUT, yaani Mtakatifu Augustino, ya Mwanza, kulingana na ndugu mlionao huko. Kama pesa itakataa kabisa, Chuo Kikuu Huria kinalipisha kwa somo na kina vituo mikoani, mtu anasoma huku anafanya kazi. Kinamtaka mwenye nidhamu, na mwanao kwa nidhamu kawashinda wanangu, nakiri. Njia nyingine ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto: stashahada ya sheria kwanza, akitoka na GPA ya 3.0 anaingia LLB. Ni njia ndefu, lakini wanaoipita hufika LLB wakijua hati ya madai inafananaje.

Kabla ya kulipa popote, nenda chuoni siku ya kazi, usiende siku ya maonesho. Ingia maktaba uombe Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Fungua ukurasa wa mbele uone ni toleo la lini. Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025. Ukikuta rafu nzima ni la 2002, basi wanafundishwa vifungu ambavyo vingine vimeshabadilishwa. Kisha simama kwenye ubao wa ratiba. Majina manne yakijirudia kwenye masomo kumi na mawili, walimu hawatoshi. Uliza wangapi ni wa kudumu na wangapi wanakuja Jumamosi kutoka chuo kingine. Uliza semina zina watu wangapi, maana sheria haifundishwi kwa mhadhara wa watu mia nne peke yake. Uliza mahakama ya mazoezi inakaa mara ngapi kwa muhula, na utake kuona chumba chake. Chumba kikiwa na viti vilivyopangwa juu ya vingine na vumbi, umejibiwa. Halafu mnunulie soda mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umuulize matokeo hutoka baada ya muda gani na waliomtangulia wangapi wamemaliza Shule ya Sheria. Ofisi ya udahili haitakwambia hayo. Mimi ningekwambia, ila mimi naogopa kupitwa.

Kibali nacho. Shahada ni TCU, cheti na stashahada ni NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na kozi yako isiwe na ithibati, na mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa kudahili, wazazi wakabaki na risiti. Tafuta jina la kozi, usiridhike na jina la chuo. Ile hela ya awali uliyokilipa kile chuo, iliyotokana na kiwanja cha Kibaha, andika barua ya kuidai leo. Sitasema zaidi juu ya kiwanja hicho hadharani, unajua kwa nini sikusaini.

Akichaguliwa vyuo viwili au zaidi, atatumiwa namba ya siri kwa simu na lazima athibitishe kimoja ndani ya muda. Namba ya simu aliyojazia iwe yake. Ile laini yako inayozimika kila mwezi usimpe. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu ujumbe ulikwenda kwenye simu ya mjomba.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo, wiki hii, kabla foleni ya mkopo haijaanza. Linganisha jina na lile la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Najua la kwenye cheti cha kuzaliwa lina jina la Baba na la shuleni lina la shemeji. Hilo linahitaji hati ya kiapo au ya kubadili jina, kwa wakili, si kwa mwenyekiti wa mtaa. Niliwaambia mwaka ule anaandikishwa darasa la kwanza, mkasema naleta usomi. Mlete ofisini kwangu Jumatatu, sitamtoza. Ukitaka, wewe baki kwenye gari.