Taarifa ya mwenyekiti wa mfongo (mfereji wetu wa maji ya mashamba) kwa wanachama

Baba zangu, mama zangu na vijana mlioko Dar na Arusha mnaosoma hii kwenye simu, salamu. Ya hela mweka hazina keshasoma, sirudii.

Banio la juu, pale maji yanapotoka mtoni kuingia mfongoni, lilibebwa na maji ya masika, mawe yote yakashuka mtoni, tukaitana msaragambo, kazi ya pamoja, mara nne ndo likakaa. Siku ya kwanza watu walijaa mpaka sururu hazikutosha, siku ya nne tulikuwa kumi na moja, na simu yangu inalia tu meseji za faini, huyu elfu tano yule elfu tano. Jamani faini naipokea, imo kwenye katiba yetu, ila hela haibebi jiwe, tukienda hivi mwakani tutakuwa na akaunti nene na mfereji mkavu.

Mifongo ya huku Kilimanjaro haikuchimbwa na serikali yoyote. Wazee waliichimba kabla Mjerumani hajafika, wakapangiana zamu wenyewe na kutozana wenyewe, aliyekwepa kazi analeta mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Na wakulima wa mlima huu huu ndo waliunda chama chao cha kahawa 1925, kikageuka KNCU, chama kikuu cha ushirika, 1933, Mwingereza akiwa bado anatawala. Uhuru ukaja 1961, tukaambiwa Uhuru na Kazi, halafu 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa amri ya juu, vikarudi baada ya sheria ya 1982. Mfongo ulikuwepo muda wote huo. Mi naona ni kwa sababu hauna ofisi ya kufungwa, una zamu na majembe tu.

Sasa ya kwangu. Mwezi wa tisa mwanangu alifungulia maji usiku na zamu haikuwa yetu, jirani wa chini kaamka migomba haijapata hata tone. Nilimpelekea sale, jani letu la kuombea msamaha, nikalipa faini, na siku ya kikao nikakaa nyuma akaendesha mzee mwingine. Wapo walioninong'oneza eti mwenyekiti hatozwi. Asipotozwa si umangi huo, na wamangi, machifu wetu wa zamani, walishaondolewa!

Msaragambo ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, banioni. Uliyeko mbali tafuta mtu aje na jembe badala yako, meseji ya hela sitaijibu. Halafu sururu mbili za chama hazijarudi toka Juni, aliyenazo aziache tu pale kwangu getini, haulizwi.